Kansere inapotembea mwilini: namna wagonjwa wa Kolwezi na Lualaba wanavyotunzwa

Mama aliyepasuliwa ziwa miaka mitatu iliyopita anaanza kuumwa mgongo. Mzee wa zamani wa Gécamines anashindwa kutoka kitandani asubuhi kwa sababu ya kiuno. Mwingine, aliyemaliza matibabu ya kizazi, anaanza kukohoa kohozi lisiloisha. Hapa Kolwezi mambo hayo matatu mara nyingi yanapewa majina mengine: kazi ngumu, uzee, kifua. Na mara nyingi majina hayo ni ya kweli. Lakini kuna siku ambapo ni kansere ile ile ya kwanza, imetoka pale ilipozaliwa na kwenda kukaa mahali pengine. Wanganga wanaiita metastasi. Watu wa kawaida wanasema tu: «ugonjwa imerudia, sasa iko mu mifupa».

Kuanzia siku hiyo mgonjwa anaingia katika maisha mengine, na jamaa yake pia. Mengi yanayosemwa kuhusu maisha hayo si sahihi. La kwanza ni kwamba hakuna tena cha kufanya. La pili, ambalo ni kinyume chake, ni kwamba ukiuza parseli na kupanda ndege utapona. Wagonjwa wengi wa Lualaba wanajikuta kati ya hayo mawili.

Ugonjwa mmoja, si miwili

Kansere ni chembe za mwili zinazoongezeka bila kufuata amri. Zikiachwa muda mrefu, baadhi yake huingia katika damu au katika mitoki na kusafiri. Kansere ya ziwa hupenda mifupa, ini, mapafu na ubongo. Ya prostati hupenda mifupa ya uti wa mgongo na nyonga. Ya mlango wa kizazi hukaa kwanza jirani, kwenye kibofu na mitoki ya tumbo, kisha inaweza kupanda mpaka mapafuni.

Jambo ambalo jamaa nyingi hazielezwi ni hili: kansere ya ziwa iliyofika kwenye mfupa bado ni kansere ya ziwa. Si «kansere ya mfupa», na si ugonjwa wa pili uliotumwa na mtu. Dawa zake zinafuata pale ilipozaliwa, si pale ilipofika. Ndiyo maana karatasi ya anapati, yaani majibu ya kile kipande cha nyama kilichochunguzwa mwanzoni, ina thamani kubwa hata baada ya miaka mitano. Mgonjwa akiipoteza, munganga mpya anaweza kulazimika kuanza upya, kukata kipande kingine na kungojea majuma.

Je, inapona? Kwa watu wazima wengi ambao kansere yao imeshatembea hivyo, hapana, haiondoki kabisa. Lakini inaweza kuzuiwa kwa miezi, na kwa wengine kwa miaka, mtu akiwa anakwenda soko, anakwenda kanisani, analea wajukuu. Mama mwenye kansere ya ziwa inayolishwa na homoni anaweza kumeza kidonge kimoja cha tamoksifeni kila siku na kukaa muda mrefu bila serumu wala kulazwa. Kidonge hicho kiko kwenye orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani, OMS. Sharti ni moja: kipimo cha homoni kwenye kile kipande cha nyama kiwe kimefanywa, au munganga awe na sababu nzuri ya kuamini kwamba dawa itafaa. Kwa hiyo swali la kuuliza si «kuna dawa?» tu, bali «kansere hii ni ya aina gani, na karatasi inasema nini kuhusu homoni?»

Kikohozi nacho kinahitaji neno moja. Katika eneo la machimbo, anayekohoa anatafutiwa kwanza kifua kikuu, na ni haki yake. Mtihani ukirudi bila kuonyesha kitu, na mtu huyo alishawahi kuugua kansere, ni vema akumbushe jambo hilo mwenyewe. Munganga wa zamu hajui historia yake kama haikuandikwa kwenye fishi.

Wazee wa Gécamines na maumivu ya kiuno

Union Minière du Haut-Katanga ilizaliwa 1906, na tangu 1967 kazi yake ikashikwa na Gécamines. Kwa vizazi vingi mfanyakazi alijua kwamba akiugua, yeye, mke na watoto wana hospitali ya kampuni. Halafu mgodi wa Kamoto ukaporomoka mnamo Septemba 1990, uzalishaji ukaanguka, mishahara ikakosekana, na katika 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10 000 wakatoka katika ile operesheni ambayo hata leo watu wanaiita «depa volontere». Walipewa pesa mara moja. Pamoja na kazi waliacha na munganga wa kampuni.

Mtu aliyetoka akiwa na miaka 45 au 50 sasa yuko katika umri ambao kansere ya prostati huonekana zaidi. Na kansere hiyo ndiyo inayoongoza kwa wanaume wa Congo. Inaanza kimya. Mkojo unatoka polepole, mzee anaamka mara nne usiku, anasema ni uzee. Kisha kiuno kinauma. Mtu aliyebeba vyuma miaka 25 hashangai kuumwa kiuno. Anapakwa mafuta, anachomwa sindano za diklofenaki kwenye kituo cha karibu, na maumivu yanatulia siku mbili. Sindano hizo zikirudiwa kwa miezi zinaweza kuumiza figo na kutoboa tumbo, na wakati huo huo hakuna aliyetafuta sababu.

Maumivu ya kansere kwenye mfupa yana tabia yake. Hayatulii mtu akipumzika, yanazidi usiku, na yanaongezeka juma kwa juma. Mzee wa namna hiyo anahitaji kuguswa na munganga, kupimwa damu kwa kipimo cha PSA, na kupigwa picha.

Kisha linakuja jambo ambalo wazee hawapendi kulisikia. Kansere ya prostati inalishwa na homoni ya kiume. Ukikata homoni hiyo, kansere inalala. Hayo yalionyeshwa na Charles Huggins huko Chicago katika 1941, na alipata tuzo ya Nobel kwa ajili hiyo 1966. Kuna njia mbili za kuikata. Ya kwanza ni sindano ya kila mwezi au kila miezi mitatu, ambayo bei yake inaendelea maisha yote. Ya pili ni upasuaji mdogo wa kuondoa korodani, unaofanywa mara moja, unaowezekana katika hospitali yoyote yenye munganga wa upasuaji, bila kwenda ng'ambo. Kwa wengi maumivu ya mifupa yanapungua ndani ya siku chache. Mzee aliyeletwa akibebwa anaweza kurudi nyumbani kwa miguu yake.

Wengi wanakataa. Wanaona wanapokonywa uanaume, na wengine hawataki hata mke ajue kwamba jambo hilo lilitajwa. Hofu hiyo haina ujinga ndani yake: hamu ya ndoa kweli inapungua, joto la ghafla linampanda mtu, mifupa inadhoofika na miaka. Tena si tiba ya milele, maana baada ya mwaka mmoja, miwili au mitatu kansere mara nyingi inajifunza kuishi bila homoni. Lakini mzee ana haki ya kuelezwa yote mawili, sindano na upasuaji, pamoja na bei ya kila moja, mbele ya mtu ambaye yeye mwenyewe amemchagua. Inasikitisha kuona mara ngapi chaguo hilo linafanywa na watoto kwenye koridoo huku mzee akiwa ndani, akitazama dari.

Hatari ya kutosubiri kesho

Hapa hakuna nafasi ya kuongea polepole. Mtu mwenye kansere, au aliyewahi kuwa nayo, akiumwa mgongo kisha miguu ikaanza kulegea, kufa ganzi, au akashindwa kuzuia au kutoa mkojo na choo, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Uvimbe unaweza kuwa unaminya uti wa mgongo. Akitibiwa wakati bado anatembea, ana nafasi nzuri ya kuendelea kutembea. Akipelekwa baada ya siku tatu za maombi au miti ya kuoga, mara nyingi miguu hairudi. Kuomba si kosa. Wanaoomba wanaweza kuomba ndani ya gari.

Lubumbashi, Lusaka, Kinshasa

Hospitali za Kolwezi, kama ile ya rejea ya Mwangeji, zinapokea mgonjwa, zinampima na kumpasua. Kwa shimio, zile dawa kali za kansere zinazopitishwa kwenye serumu, wengi wanaelekezwa Lubumbashi, kama km 300 kutoka hapa kupitia Fungurume na Likasi. Barabara ni ya lami, lakini malori ya madini ndiyo yanayoamua mtu atafika saa ngapi. Kwa mwenye mifupa iliyoliwa na kansere, kila shimo la njia ni kisu. Mgonjwa wa Sandoa au Kapanga anayo safari nyingine kabla ya hiyo, na wakati wa mvua safari hiyo ya kwanza ndiyo mbaya zaidi.

Radioterapi, yaani kuchoma kansere kwa miale, ni mbali zaidi. Hapa kuna jambo la ajabu kidogo. Congo inatoa zaidi ya theluthi mbili za kobalti ya dunia, na sehemu kubwa inatoka chini ya miguu yetu. Mashine za kwanza za kobalti-60 za kutibu kansere zilianza kazi Canada katika 1951, na mashine za namna hiyo bado zinatumika katika nchi nyingi. Kabla ya hapo ilikuwa radiumu, na radiumu nyingi iliyotibu Wazungu miaka ya 1920 ilitoka Shinkolobwe karibu na Likasi na kusafishwa Olen, Ubelgiji, kuanzia 1922. Mgonjwa wa Kolwezi anayehitaji miale leo anabeba begi na kwenda kuitafuta.

Anakwenda wapi? Wenye uwezo wa ndege wanatazama Kinshasa, zaidi ya km 1 000, au India na Afrika Kusini. Wengi wa upande wetu wanatazama Zambia, ambako hospitali ya taifa ya kansere, Cancer Diseases Hospital, ilifunguliwa Lusaka 2007. Inapitiwa Kasumbalesa, na anayejua Kibemba hajisikii mgeni sana. Lakini Lusaka wanasoma Kiingereza. Ripoti iliyoandikwa Kifaransa inahitaji kutafsiriwa mbele ya safari. Mpakani wanadai pasipoti au karatasi ya kuvukia, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kabla ya yote, mtu apige simu. Mashine za miale huharibika kila mahali: Uganda ilikaa bila mashine yake ya umma kuanzia Machi 2016 mpaka mwisho wa 2017. Hakuna kitu kinachovunja moyo kama kufika na kuambiwa urudi mwezi ujao.

Kwa upande wa Congo, Shirika la kimataifa la nguvu za atomiki, AIEA, liliiweka nchi hii kati ya saba za kwanza katika mpango wake wa kuleta radioterapi ulioanzishwa Februari 2022. Mpango ni mpango. Mgonjwa wa leo anahesabu majuma.

Kuna swali moja linaloweza kuokoa pesa nyingi. Kama miale inatafutwa ili kutuliza maumivu ya mfupa, na si kwa kuondoa kansere yote, dozi moja tu iliyotolewa siku moja mara nyingi inatuliza sawa na dozi kumi za majuma mawili. Imejaribiwa kwa wagonjwa wengi katika nchi nyingi. Takriban sita kati ya kumi wanapata nafuu, ingawa inaweza kuchukua majuma mawili au matatu kuonekana, na baadhi watahitaji kurudia. Kwa mtu anayelipa chumba na chakula katika mji wa wageni, tofauti kati ya siku moja na majuma mawili ni kubwa. Basi aulize: «Inawezekana mara moja?» Munganga anaweza kuwa na sababu nzuri ya kukataa, na ataieleza.

Parseli

Sheria ya kazi ya 2002 inamlazimisha mwajiri kumtunza mfanyakazi na jamaa yake wanapougua. Mwenye kandarasi katika kampuni kubwa ya madini ana mlango wa kubisha. Wa sutretansi mara nyingi anagundua akiwa tayari mgonjwa kwamba mlango wake ni mwembamba. Mchimbaji wa mkono wa Kasulo au Kapata, mama wa soko, mwalimu, hao wanalipa kutoka mfukoni. Ndugu wanachanga, kanisa linachanga, kikundi cha likelemba kinatoa zamu yake mapema. Kisha mtu anataja parseli.

Hakuna anayeweza kuiambia jamaa isiuze. Lakini kabla ya kusaini ni haki yao kumuuliza munganga maneno matatu kwa lugha wanayoielewa: matibabu haya yanatafuta kuponya, kurefusha maisha, au kutuliza? Yakienda vizuri, yanaleta muda gani? Na yasipofanywa, nini kitafanywa badala yake? Munganga mwema hatakasirika. Kuna jamaa zilizouza nyumba kwa ajili ya mzunguko wa mwisho wa shimio uliomlaza mgonjwa miezi yake miwili ya mwisho mbali na watoto, kisha zikarudi bila mtu na bila paa. Ziko pia zilizouza na kupata miaka. Tofauti mara nyingi haikuwa pesa. Ilikuwa aina ya kansere, pale ilipofika, na kama mtu aliwaeleza hayo kabla.

Na deni la hospitali linatisha pia. Kumzuia mgonjwa asitoke mpaka alipe, hata maiti isitolewe, ni jambo linalojulikana katika nchi hii na nchi nyingine za Afrika. Hofu hiyo inawafanya wengine wasirudi kufuatiliwa. Kuomba hesabu iliyoandikwa kabla ya kulazwa, na kuongea na ofisi ya jamii ya hospitali siku ya kwanza na si siku ya kutoka, kunasaidia zaidi kuliko watu wanavyofikiri.

Maumivu yana dawa

Kati ya yote wanayopitia wagonjwa hawa, maumivu ndiyo yanayotibika kwa urahisi zaidi na ndiyo yanayoachwa zaidi. OMS ilitoa ngazi yake ya kutuliza maumivu ya kansere katika 1986. Chini kuna parasetamoli na ndugu zake. Katikati kuna kodeini na tramadoli. Juu kuna morfini. Jamaa nyingi za hapa zinafika tramadoli na kusimama hapo, zikiamini ngazi imekwisha.

Morfini inaogopwa kwa sababu mbili: kwamba inamfanya mtu kuwa mlevi wa dawa, na kwamba ni dawa ya kufisha. Kwa mgonjwa wa kansere anayepewa kipimo sahihi, kinachoongezwa pole pole kufuatana na maumivu, hofu hizo hazina msingi mkubwa. Haimwui, inamfanya alale usiku na kula asubuhi. Inachokifanya kwa hakika ni kufunga choo, kwa hiyo anayeianza apewe na dawa ya kulainisha choo siku hiyo hiyo. Siku za kwanza inaleta usingizi na kichefuchefu, kisha mwili unazoea. Jambo la muhimu ni saa. Morfini ya maji inamezwa kila masaa manne, hata kama maumivu hayajarudi. Anayengoja mpaka alie ndipo apewe, atakuwa analia mara sita kwa siku.

Si dawa ya bei kali. Morfini ya maji ni unga uliochanganywa na maji safi na kitu cha kuuzuia usiharibike. Nchini Uganda Dr Anne Merriman alianzisha Hospice Africa katika 1993 kwa kutumia dawa hiyo, na tangu 2004 wauguzi waliofundishwa wanaruhusiwa na sheria kuiandika, ili mgonjwa wa kijijini asimngoje munganga wa mjini. Kwetu, ambako hata muuguzi tunamwita munganga, mambo hayajafika huko. Morfini ni dawa inayolindwa na sheria, haiuzwi kwenye kila farmasi, na ordonansi yake inaandikwa na munganga. Lakini ipo, na kuiomba kwa jina lake si aibu. Katika Kinshasa shirika la Palliafamilli linafanya kazi ya kutunza wagonjwa wasiopona na kufundisha wanaowatunza.

Tume ya jarida la The Lancet ilihesabu katika 2017 kwamba kati ya tani 298,5 za morfini na dawa za aina yake zinazogawanywa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zinapata tani 0,1. OMS nayo inasema kati ya watu 100 wanaohitaji matunzo ya kutuliza, 14 tu wanayapata. Kwa hiyo mgonjwa wa Manika au Dilala anayelia usiku hajasahauliwa na munganga mmoja.

Nyumbani

Sehemu kubwa ya matunzo inafanyika nyumbani, kwa mikono ya mke, binti, dada mdogo. Kidonda cha ziwa au cha kizazi kinaweza kutoa harufu inayofukuza wageni, na wamama wengi wanasema harufu iliwauma kuliko kansere. Wanahama chumba, wanakataa kubeba mjukuu. Harufu hiyo inatoka kwa vijidudu, na ina dawa inayojulikana karibu kila nyumba: metronidazoli, ile ya Flagyl. Vidonge vilivyosagwa na kunyunyizwa kwenye kidonda kilichooshwa kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa vinapunguza harufu ndani ya siku chache. Muuguzi aonyeshe mara ya kwanza namna ya kuosha na kiasi cha kuweka. Kitambaa kikiwa kimeshikamana, kiloweshwe, kisivutwe.

Chakula ni vita katika nyumba nyingi. Bukari haipiti, na mama mkwe anaona kama mgonjwa amekata tamaa. Si hivyo. Kansere iliyotembea inaondoa hamu ya kula, na kumlazimisha kunaleta kutapika na ugomvi. Uji mwepesi, karanga iliyosagwa, yai, supu ya samaki, kidogo kidogo mara nyingi, inatosha. Siku za mwisho, maji ya kulowesha midomo yanatosha pia.

Anayetunza naye anachoka. Binti aliyeacha shule au biashara ili kumgeuza mama kila masaa mawili hatasema. Zamu ya usiku mbili kwa juma kutoka kwa jirani au kwa wamama wa kanisa ina thamani kuliko kilo ya sukari.

Nani aambiwe

Desturi ya hapa ni munganga kumwita kaka mkubwa au mjomba pembeni. Jamaa inakubaliana kutomwambia mgonjwa ili asivunjike moyo. Kwa nia nzuri, wanaanza kunong'ona. Mgonjwa anaona simu zinapokelewa nje, anaona shangazi wa Mutshatsha amefika bila sababu, anaona pasta anamshika mkono muda mrefu kuliko juzi. Anajua. Kisha naye anaficha kwamba anajua. Pale panapokosekana maneno, uvumi wa bulozi unaingia: nani alimloga, nani alimtazama vibaya kwenye kilio. Ndugu wawili wanaacha kusalimiana wakati mgonjwa anawahitaji wote.

Katika uchunguzi uliofanywa katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwemo, watu wengi walipoulizwa walisema wangependa kujua kama ugonjwa wao hauponi. Si wote. Njia yenye heshima ni kumuuliza mwenyewe: «Baba, majibu yakija, unataka uambiwe wewe, au tuambiwe sisi?» Akisema «mimi», basi ni yeye. Mzee anayejua anaweza kugawa parseli mwenyewe, kulipa deni la bia la rafiki yake wa Musonoi, kumwita mtoto aliyeko Kinshasa. Asiyeambiwa anaacha kesi.

Na karatasi zote, anapati, picha, fishi, ordonansi za zamani, ziwekwe pamoja katika sashe moja isiyopitisha maji, mikononi mwa mtu mmoja ambaye kila mwenye nyumba anamjua. Mgonjwa akizidiwa usiku wa mvua, huyo ndiye anayepanda naye kwenye gari.